Foleni ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa na wajinga wote wamerudi. Kufikia saa mbili na robo asubuhi walikuwa wameshaniletea malalamiko kumi na tisa, na kumi na nane kati yake yanasema neno lilelile: "Neti iko chini." Neti haiko chini. Iko juu kwenye kenchi, ndani ya visanduku vyeupe saba nilivyovifunga kwa mikono yangu, na inafanya kazi kuliko wao.

Naandika daftari hili kwa sababu ya Mkuu wa chuo. Leo alisimama mlangoni mwa chumba changu kana kwamba kuingia kungemchafulia viatu, akasema, "Fundi, muhula huu nataka mtandao wa haki. Kila mtu apate. Andika kila unachobadilisha." Basi naandika. Ya kuonyeshwa nitayaweka kwenye faili lake. Humu naweka ukweli.

Ukweli wa kwanza: hewa ni moja. Hawa watu wanadhani kila simu ina bomba lake. Haina. Vifaa vyote vilivyo chini ya kisanduku kimoja vinasema kwa zamu, kimoja kikisema vingine kimya. Mwenye kifaa kizuri anasema neno lake upesi na kukaa. Mwenye kifaa kibovu, tena aliye mbali, analiburuza neno hilohilo na watu hamsini wanamsubiri. Ukiwapa wote zamu sawa, mzembe mmoja anakula mchana mzima. Ndiyo maana mimi sigawi zamu, nagawa muda. Kila mtu na sekunde zake, na ukishindwa kumaliza sentensi, shauri yako.

Halafu nina foleni nne. Ya kwanza ni ya simu za sauti, kwa sababu sauti haivumilii kusubiri. Ya pili, mikutano ya ofisini. Ya tatu, kurasa na barua. Ya nne, takataka: kupakua filamu, pamoja na video nyingine zote, maana anayeshughulika na video saa za kazi si mfanyakazi, ni mtazamaji.

Hiyo ndiyo haki. Mkuu hataielewa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Madarasa yote ni bati tupu, hayana dari. Ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake, walimu wanaweka chaki chini, na watu mia tatu wanatoa simu kwa pamoja. Wengine huogopa mvua kwa sababu ya mafuriko. Mimi naiogopa kwa sababu ya walimu wavivu.

Alhamisi, 6 Machi

Ubaoni kuna tangazo lililonichekesha mpaka chai ikanipalia. Mzee wa Stoo, yule kiziwi anayetunza vifaa vya karakana huko mwisho wa uwanja, ameomba kuwa mwalimu wa useremala. Aliyekuwepo amestaafu. Bodi imeshakagua kazi za mkono za Mzee na kuzikubali, limebaki jambo moja: tarehe 24 Aprili atahojiwa kwa video, yeye akiwa stoo, Bodi makao makuu, na mkalimani wa lugha ya alama katika mji mwingine. Akipita, anapata mkataba wa miaka mitano na anabaki kwenye nyumba ya chuo. Akianguka, umri umefika. Muhula ukiisha anakabidhi funguo za stoo na za nyumba siku moja.

Kiziwi afundishe! Na vituko vyake vyenyewe vinajulikana. Hakupi kifaa mpaka ukiombe kwa mkono. Ukitaka randa, unaonyesha ishara ya randa, patasi ina yake, msumeno una yake. Wanafunzi wa useremala wanazijua zote, ukiwakuta karakana wanapungiana kama wanafukuza nzi. Mimi sijawahi kuazima kitu kule, namshukuru Mungu.

Ijumaa, 7 Machi

Mhasibu amerudia ule mzaha wake wa kuniita wifi kwa sababu ya waifai. Mwaka wa tisa huu. Nimempeleka foleni ya nne hadi Jumatatu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemnasa mwizi wa hewa. Kila siku saa kumi jioni kisanduku cha saba, cha upande wa karakana, kinazama. Kuna kifaa kimoja kinachosema polepole ajabu, kama kinakumbuka maneno, na kwa kuwa neno likishaanza halikatwi, wengine wote wanakisubiri. Tena kinatuma video. Hakitazami tu, kinatuma, saa nzima! Kwenye orodha yangu nimekiita Kobe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemfuata Kobe kwa miguu, mwavuli mkono mmoja na laptopu mkono mwingine, nikitazama namba zikipanda kila ninapokaribia mwisho wa uwanja. Zikaniingiza stoo.

Mzee alikuwa ameegemeza tableti kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Tableti yenyewe imevunjika pembe na kufungwa utepe. Ndani yake mwanamke mwenye miwani alikuwa anarusha mikono, na Mzee naye anarusha, na kucheka. Anacheka! Nilisimama nyuma yake kitambo kabla hajaniona. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: HII NI SAA YA KAZI.

Akatoa penseli sikioni, akaandika chini yake: "Najua. Wewe umekuja kufanya nini?"

Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Hilo liliniudhi kuliko jibu. Mtu wa umri ule, usaili wa kumpa au kumnyima nyumba uko mlangoni, na yeye anapiga soga na wanawake kwenye tableti. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatatu, 17 Machi

Mkuu ameingia mpaka ndani leo. Viatu vyake vimepona.

"Fundi, kikao changu na wafadhili kimeganda nikiwa mdomo wazi. Wamenitazama meno dakika nzima."

"Uko foleni ya pili, Mkuu, ya mikutano."

"Ya pili? Ya kwanza yuko nani?"

"Simu za sauti."

"Za nani?"

"Za yeyote."

"Yeyote," akarudia, kama nimemtajia ugonjwa wa ngozi. "Sasa mimi na Yeyote, nani mkuu wa chuo hiki?"

Nimempandisha. Kila kinachotoka kwenye mashine yake, hata picha za wajukuu, kinapita mbele ya simu ya muuguzi wa zahanati. Nimeandika kwenye faili: "Marekebisho madogo."

Alhamisi, 20 Machi

Mhasibu amesikia. Mlezi wa mabweni amesikia. Mkuu wa taaluma amesikia, na huyo hata barua pepe huandikiwa na karani wake. Wote foleni ya kwanza. Nimewapandisha bila kubishana, kwa furaha ya mtu anayemwona mwenzake akikaa kwenye rangi mbichi.

Jumapili, 23 Machi

Nyumbani na mama siku nzima. Tunaishi vyumba viwili nyuma ya maktaba, na sikio lake la kushoto sasa limekufa kabisa. Nikimwambia kitu jikoni anauliza "Eh?" mara tatu, na mimi mara ya tatu nakatisha: "Basi, mama. Acha."

"Usinikatishie," akasema. "Na usiniongeleshe umenipa mgongo. Sisikii mgongo mimi."

Nikamsimulia kuhusu Mzee wa Stoo na mwanamke wake wa miwani, nikidhani atacheka. Akauliza, "Kwani wewe huwa unamsalimu?"

"Hasikii, mama."

"Nimekuuliza unamsalimu. Sikuuliza anasikia."

Wazee wakikosa hoja wanashika adabu.

Jumatatu, 24 Machi

Kobe bado, kila jioni saa kumi. Foleni ya nne haimtoshi, bado anaburuza. Nimemtungia kanuni yake peke yake: apewe hewa baada ya wote kushiba, na kwa vipande vidogo. Kila kanuni mtambo unaitaka jina. Hii nimeiita KOBE-ASUBIRI. Nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya.

Jumanne, 25 Machi

Saa kumi jioni, kisanduku cha saba kimetulia. Mimi ni hodari.

Ijumaa, 28 Machi

Malalamiko sitini na mawili kwenye sanduku la barua. Sijayasoma. Najua yanasemaje.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Maji yamepenya kwenye kisanduku cha tatu na ngazi yangu imeazimwa na mpishi tangu Januari, kwa hiyo ikabidi niende stoo. Nikaielekezea ngazi kidole. Mzee akatikisa kichwa, akanionyesha: mikono miwili inapanda, huu juu ya huu. Alitaka niifanye. Mimi, fundi wa mtandao, nipande hewa mbele ya wanafunzi kama mtoto wa chekechea! Nikamwachia ngazi yake, nikasimama juu ya kiti. Kiti kikavunjika mguu. Mimi sikuvunjika.

Nilipokuwa natoka stoo, saa kumi ikawa imefika, akawasha tableti yake. Nikamchungulia dirishani. Sasa anatoa ishara moja, anasubiri mkono ukiwa hewani, anahesabu mpaka tatu hivi, ndipo anatoa nyingine. Anasubiri tena. Usoni hana kitu. Nikasema moyoni, hata mikono yake ni kobe.

Jumanne, 8 Aprili

Muuguzi wa zahanati amekuja kunilalamikia kwamba simu yake inakatika katikati ya maneno. Nikafungua orodha. Foleni ya kwanza ina watu kumi na mmoja, ndugu wa Mkuu wa taaluma akiwemo, ambaye si mfanyakazi wa hapa, ni mgeni aliyekuja kutibiwa jino. Kumi na mmoja hao wanatuma kila kitu kwa kasi ya dharura: magazeti, mipira, mahubiri, salamu zenye maua. Foleni ya kwanza sasa ndiyo mbaya kuliko zote. Foleni ya nne, kwa wale maskini, ni barabara nyeupe. Hakuna hata mmoja wa wakubwa aliyegundua. Wamo mbele, na mbele hapaendi, na wanafurahi.

Nikamshusha muuguzi foleni ya tatu. Simu yake ikawa safi. Ameniletea ndizi.

Jumapili, 13 Aprili

Mama haniulizi tena mara tatu. Anauliza mara moja, halafu ananyamaza. Nimeshukuru kwa utulivu.

Jumanne, 22 Aprili

Mkuu anataka ripoti ya malalamiko ya muhula. Kwa hiyo leo, mara ya kwanza, nimefungua lile sanduku na kuyasoma yote mia moja na kumi na nne. Mia moja na kumi na moja ni upuuzi niliotarajia. Matatu ni ya mtu mmoja.

La kwanza, la tarehe 26 Machi: "Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Kila siku saa kumi jioni namfanyisha mazoezi ya usaili mzee wenu wa stoo. Tangu jana picha inaganda kila baada ya sekunde mbili. Watu wanaosikia picha ikiganda wanaendelea na sauti. Kwetu picha ndiyo sauti. Tafadhali msaada."

La pili, la tarehe 31: "Bado. Leo katika sentensi kumi nimemwelewa tatu."

La tatu, la tarehe 3 Aprili: "Kwa kuwa hamjibu, tumebuni njia. Anafanya ishara moja, anasubiri ipite, ndipo anafanya nyingine. Si vizuri, lakini inapita."

Nimeyasoma mara nne. Huyo ndiye mwanamke wa miwani.

Tangu siku ya kwanza nimeandika humu kwamba foleni ya kwanza ni ya sauti, kwa sababu sauti haivumilii kusubiri. Nimeiandika mimi, kwa kalamu hii, na kwa fahari. Kisha sauti pekee ya mtu mmoja katika chuo hiki nimeitupa kwenye takataka pamoja na filamu, na nilipoona bado inasema, nikaitungia kanuni. Nimewacheka wote, Mkuu na meno yake, Mhasibu na mzaha wake, na hakuna hata mmoja aliyefanya ujinga wa ukubwa huu. Nyani haoni kundule.

Nimefuta kanuni saa tisa na nusu. Saa kumi nilikuwa mlangoni pa stoo. Picha ya mkalimani ilikuwa laini kama maji. Mzee alikuwa bado anafanya ishara moja, anasubiri, anafanya nyingine. Sikuelewa kwa nini, nikadhani bado hajagundua.

Nikaandika: "Ni mimi niliyekuwa nakukata. Naomba radhi. Nitatengeneza."

Akasoma. Akaandika: "Zimebaki siku mbili."

Jumatano, 23 Aprili

Nimeng'oa kisanduku cha pili kwenye korido ya Mkuu kukipeleka stoo. Nilihitaji ngazi. Nikasimama mbele ya Mzee na wanafunzi sita wa useremala, nikainua mikono na kupanda hewa, huu juu ya huu. Nilikosea. Akanirekebisha vidole, bila haraka, mbele yao wote. Ndipo akanipa ngazi.

Nikampa laptopu ya ofisi aitumie kesho. Akaipima kwa macho, akairudisha na karatasi: "Nimekizoea changu. Wewe tengeneza chako."

Alhamisi, 24 Aprili

Usaili saa nane mchana. Saa saba na dakika hamsini mvua ikashuka kama imetumwa. Bati likaanza. Madarasa yakasimama, na nikaona kwenye skrini yangu vifaa vikiamka: mia na themanini, mia mbili na kumi, mia tatu na nne.

Kugawa muda sawasawa nisingeweza. Kifaa cha Mzee ni kizee, kwa muda sawa na wengine kingepata nusu ya sentensi. Kwa hiyo kanuni yangu niliyojivunia miaka tisa nimeivunja kwa mkono wangu: Kobe achukue muda wote anaouhitaji, wengine wasubiri. Kisha nikaifungua foleni ya kwanza na kuwatoa wakubwa wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa majina. Mgeni wa jino nilimtoa mara mbili ili nifurahi. Foleni ya kwanza ikabaki na mtu mmoja.

Saa nane na dakika sita Mkuu alifika mlangoni, amelowa, mdomo unaenda. Bati lilikuwa linapiga kiasi kwamba sikusikia hata herufi. Nikamwonyesha sikio. Akapiga kelele zaidi. Nikaona tu "kikao" na "mimi" kwenye midomo yake, hasa "mimi." Nikatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Alikaa dakika ishirini akinifokea kimya kimya, na kila dakika hiyo picha ya Mzee ilikuwa inapita bila kukatika hata mara moja. Nilizitazama namba kama mtu anayetazama chungu cha uji wa mgonjwa.

Kilichonijia akilini baadaye ni hiki. Katika chuo kizima, mvua ile, watu mia tatu walinyamazishwa na bati. Aliyekuwa anazungumza ni mmoja.

Ijumaa, 2 Mei

Matokeo yamekuja asubuhi kwa barua pepe ya karakana, ambayo naisimamia mimi. Nimeyaprinti na kumpelekea mwenyewe. Kabla ya kumpelekea niliyasoma, sina haja ya kudanganya.

"Mtahiniwa ana ujuzi wa hali ya juu wa kazi. Hata hivyo maelezo yake ni ya polepole mno na ya kukatika-katika, ishara moja kisha kimya, kama mtu anayetafuta mawazo. Kwa namna hii hawezi kuongoza darasa. Hakufaulu. Rufaa ndani ya siku saba, iwe na ushahidi."

Picha ilikuwa safi. Aliyekatika ni yeye. Wiki nne nilimfundisha kusema kwa vipande, na siku nilipofungua hewa yote, mikono ilikuwa imeshazoea. Mkalimani aliniambia kwenye tableti, kwa sauti yake, akiwa hanitazami: "Siku mbili za mwisho nilimwambia sasa ongeza mwendo, inapita. Alishindwa. Anasema kila akiharakisha anaona kama hakuna atakayemwelewa."

Mzee alikuwa anapanga patasi kwenye rafu, kubwa kwa ndogo. Alipomaliza akaandika: "Muhula unaisha lini hasa? Nianze kufungasha."

Nimerudi nyumbani saa za mchana, kitu ambacho sifanyi. Mama alikuwa anachambua mchele dirishani. Nikakaa mbele yake, si nyuma, nikamwambia yote, polepole, uso kwa uso. Hakusema "Eh?" hata mara moja.

"Wewe si mbaya," akasema mwishoni. "Wewe huna subira na mtu. Ukimkatisha mtu kila siku, mwisho anajikatisha mwenyewe. Mimi umeniona nikiuliza siku hizi?"

Nililia mbele ya mchele wake.

Jumatatu, 5 Mei

Ushahidi ninao. Mtambo wangu unaandika kila kitu: tarehe, saa, kifaa, kanuni. Kurasa ishirini na saba, kila jioni saa kumi, kila mkato. Na kwenye kila mstari limo jina: KOBE-ASUBIRI. KOBE-ASUBIRI. Mistari elfu moja mia nne.

Kulibadilisha jina ni kazi ya dakika moja. Unaandika "Kanuni ya 12" na hakuna atakayejua. Nilishaliandika. Nikalifuta. Bodi ikitaka kujua kama Mzee alikatwa kwa bahati mbaya au kwa dharau, jibu ni dharau, na dharau hiyo ina jina. Nimezituma kama zilivyo, na barua yenye sahihi yangu chini.

Jumatano, 7 Mei

"Umekiaibisha chuo," Mkuu amesema.

"Nimejiaibisha mimi, Mkuu. Chuo sikukitaja."

"Na uliniondoa foleni ya kwanza!"

Hapo ndipo penyewe panapomuuma. Nimesimamishwa kazi ya mtandao hadi uchunguzi uishe. Mtandao amekabidhiwa mpwa wa Mkuu wa taaluma, ambaye leo aliniuliza visanduku vyeupe vinawekwa mafuta mara ngapi. Nilimjibu, "Kila Ijumaa." Mimi nimepelekwa stoo kuhesabu vifaa.

Alhamisi, 15 Mei

Bodi imekubali. Usaili wa pili tarehe 22, na safari hii mkalimani anakuja hapa mwenyewe, na wajumbe wawili, ana kwa ana. Hakuna tableti, hakuna hewa, hakuna mimi.

Kila jioni wanafanya mazoezi, mimi nikiwa nyuma ya rafu na daftari la vifaa. Siku ya kwanza ilikuwa bado ishara moja, kimya, ishara moja. Leo mkalimani amemchokoza. Sijui alimwambia nini kwenye tableti, lakini Mzee aliinuka kwenye stuli na mikono ikafunguka. Jamani! Sikujua binadamu ana maneno mengi kiasi hicho. Mikono ilikwenda, uso ukaenda, mabega yakaenda, na mara mbili akanielekeza mimi kwa kidevu. Mkalimani akacheka mpaka akavua miwani.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Mengine siwezi kuyatafsiri, dada. Una mama?"

"Ninaye."

"Basi mwache apumzike."

Nikauliza kile anachofanya kila akinielekeza, mkono unaozungusha na kukaza, ni nini. Akajibu, "Hilo ni jina lako. Watu wote wa stoo wanakuita hivyo, miaka mingi sasa. Ni mtu anayefunga bomba."

Kumbe miaka mingi. Mimi nilimwita Kobe, naye alikuwa na jina lake kwangu, na la kwake lilikuwa sahihi.

Alhamisi, 22 Mei

Amepita.

Jumatano, 28 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani, maana ilikuja na hasira ya kuaga. Mzee alikuwa kwenye somo lake la tatu, karakana, wanafunzi kumi na wanne kuzunguka benchi. Bati lilipoanza, nikaona kupitia mlango wa stoo madarasa yote ya ng'ambo yakisimama. Mwalimu wa umeme aliweka chaki chini. Mwalimu wa ushonaji alikaa. Simu zikatoka, na mpwa wa Mkuu wa taaluma akapita uwanjani mbio na mafuta ya mashine mkononi.

Mzee hakugeuka hata kutazama juu. Aliinua ubao wenye tundu na ubao wenye ulimi, akaziunganisha, akazitenganisha, mikono ikaeleza kwa kasi, na vijana wale, ambao miaka yote waliomba randa na patasi kwa vidole, wakawa wanamuuliza kwa vidole naye anajibu. Mmoja alikosea, wakacheka wote, bila sauti niliyoisikia.

Kisha akanigeukia mimi mlangoni. Akafanya jina langu, bomba likifungwa, halafu akaomba patasi. Nikamsalimu kwanza, kwa mkono, kama nilivyofundishwa na mkalimani, salamu ya mdogo kwa mkubwa, ambayo nilimnyima miaka tisa. Akaipokea. Akarudia jina langu, lilelile, hakulibadilisha, na kunyoosha mkono.

Nikampelekea patasi. Niliporudi nikaanza kuhesabu rafu upya, maana nilikuwa nimepoteza hesabu.